Mzazi na Mlezi Chini ya Paa Moja: Malezi ya Kutwa Katika Kabuchai

Kiswahili hutofautisha mzazi na mlezi. Mzazi ni yule aliyezaa. Mlezi ni yule anayetunza, awe amezaa au hakuzaa. Makala haya yanamhusu mwanamke anayebeba majina hayo mawili kwa wakati mmoja: anawalea wanawe nyumbani, na papo hapo anawalea watoto wa wenzake kwa malipo.

Katika Kabuchai, Kaunti ya Bungoma, chanzo cha kazi hii ni dhahiri. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mwanamke aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya miezi 3. Mchuuzi wa vitunguu katika soko la Chwele hana hata hiyo. Chekechea nayo humpokea mtoto akitimiza takriban miaka 4. Katikati pana pengo kubwa, nalo huzibwa na nyanya, yaya, au jirani ambaye naye ana mtoto mdogo.

Jirani huyo hupata faida mbili. Hujipatia riziki bila kumwacha mwanawe, na humnyonyesha kila anapohitaji. Aidha, mwanawe hujifunza mapema kugawana na wenzake. Hata hivyo, faida hizi zina gharama, na aghalabu anayeilipa ni mtoto wa nyumbani.

Gharama ya kwanza ni ya chakula. Mtoto wa mgeni huja na yai na ndizi mkobani. Mwenye nyumba ana uji mtupu. Ya pili ni ya adabu. Wawili wakigombana, mlezi humkemea wa kwake, kwa kuwa yule mwingine amelipiwa. Ya tatu ni ya maradhi. Mwana wa nyumbani akishikwa na homa, mama hukabiliwa na uamuzi mgumu: awarudishe watoto wa watu akose pesa ya siku, au awapokee huku wake akihitaji kubebwa. Ya nne ni ya uchovu. Jioni, watoto wote wakishachukuliwa, mama hubaki na mwili tu. Subira yake imekwisha.

Mwandishi wa makala haya alikulia katika nyumba ya aina hiyo. Watoto wote walimwita mama yake “mama”. Jioni moja, akiwa na umri wa miaka 5 hivi, alipowaona wenzake wakichukuliwa mmoja mmoja, aliuliza: “Na mimi, mama yangu atakuja saa ngapi?” Mama alicheka, kisha akanyamaza. Tangu siku hiyo, kila mtoto wa mwisho alipoondoka, alimpakata mwanawe kwanza, ndipo akawasha moto wa chakula cha jioni.

Kutokana na hayo, mambo manne yanafaa kuzingatiwa. Kwanza, mlezi apatane na wazazi tangu mwanzo kuhusu chakula. Ni heri walipe zaidi kidogo ili watoto wote wale chungu kimoja. Pili, kanuni ya nyumba iwe moja kwa wote, na wazazi waelezwe hivyo. Tatu, ijulikane mapema nani atawapokea watoto siku ya ugonjwa. Nne, pawe na saa ya kufunga kazi, na saa inayofuata iwe ya mwana wa nyumbani.

Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 limeweka vituo vya kulelea watoto chini ya serikali za kaunti. Ni vyema mlezi wa nyumbani naye akumbukwe katika jukumu hilo, kwa mafunzo na kwa ushauri.

Wahenga walisema kwamba mkono mmoja haulei mwana. Ni kweli. Lakini mkono unaowalea wana wa wengi nao una mwana wake, naye anangoja zamu yake.