UZI: "Tuingie, tupige, tutoke" hukwama wapi?

1/ Mpaka ukichafuka tu, kwenye midahalo hakosi mtu wa kusema: "Tuingie siku chache, tuwapige, tutoke." Mimi nasoma sayansi ya siasa na niko Malindi, kwa hivyo kwangu hili si la vitabuni tu. Tulitazame bila kutaja chama wala kiongozi.

2/ Wazo lenyewe lina mantiki. Unapiga haraka, kwa lengo dogo, unatoka kabla jirani hajajipanga na kabla mataifa hayajaanza kukubana. Shida ni kwamba kikomo cha vita hukiweki peke yako.

3/ Mfano: Kagera. Oktoba 1978 jeshi la Uganda liliteka ardhi ya Tanzania kaskazini ya mto, na serikali yake ikatangaza kwamba sasa ni yao. Tanzania haikukubali mambo yaishie hapo. Tarehe 11 Aprili 1979, Kampala ikaanguka.

4/ Na sisi? Linda Nchi. Hapa adui alikuwa al-Shabaab, si serikali ya jirani, lakini ugumu ni uleule. Baada ya watu kutekwa Kiwayu, Manda na Dadaab, KDF iliingia Somalia Oktoba 2011. Mvua za vuli nazo zikaingia, magari yakakwama kwenye matope. Afmadow ikapatikana mwisho wa Mei 2012, Kismayo mwisho wa Septemba.

5/ Sasa kutoka. Ukiondoka, mji unamwachia nani? Mwaka huohuo wa 2012 askari wetu wakawekwa chini ya AMISOM. Miaka kumi baadaye bado walikuwa huko.

6/ Adui naye huchagua pa kujibia. Juni 2014, Mpeketoni, makumi ya watu waliuawa. Balozi zikaonya wageni wao wasije Pwani. Hapa Malindi na Watamu waliolipa ni mhudumu wa hoteli, dereva wa tuktuk na mama muuza samaki. Hakuna aliyewauliza kabla.

7/ Sisemi nchi isijilinde. Ila ukisikia "siku chache tu", uliza matatu: Tutajuaje kwamba lengo limetimia? Mvua ikinyesha, mafuta na chakula cha askari vitapita njia gani? Tukitoka, nani atabaki kulinda? Mtu akikupa tarehe ya kuingia peke yake, bado hajakujibu.