Degedege baada ya kiharusi kwa wagonjwa waliopewa dawa ya kuyeyusha bonge la damu

Kiharusi cha iskemia hutokea bonge la damu linapoziba ateri ya ubongo na kuinyima sehemu ya ubongo oksijeni. Marekani iliidhinisha alteplasi, dawa ya kuyeyusha bonge hilo, mwaka 1996, itolewe ndani ya saa 3 tangu dalili kuanza. Jaribio la Ulaya lililochapishwa mwaka 2008 lilionesha manufaa hadi saa 4.5. Baadhi ya wagonjwa waliopewa dawa hiyo hupata degedege. Makala haya yanafafanua kwa nini tukio hilo peke yake halithibitishi kwamba dawa ndiyo chanzo.

Shaka juu ya dawa ina msingi. Alteplasi ni nakala ya protini inayotengenezwa na mwili, na katika ubongo protini hiyo huongeza msisimko wa seli za neva. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 1995 yalionesha kwamba panya wasio na protini hiyo walistahimili degedege zaidi kuliko wenzao. Aidha, kuvuja kwa damu katika ubongo, ambako ni madhara yanayojulikana ya tiba hii, huweza kuchochea degedege.

Hata hivyo, wanaopewa dawa hawachaguliwi kwa nasibu. Mgonjwa mwenye dalili nyepesi mara nyingi hapewi. Aliyepooza upande mmoja na kupoteza usemi hupewa. Dalili hizo nzito aghalabu huashiria kuathirika kwa gamba la ubongo, ambako degedege nyingi huanzia. Kipimo cha SeLECT cha mwaka 2018, kinachokadiria hatari ya degedege ya baadaye, huzingatia mambo 5: ukali wa kiharusi, ugonjwa wa ateri kubwa, degedege ya mapema, kuathirika kwa gamba, na eneo la ateri ya kati ya ubongo. Kupewa dawa si mojawapo. Kwa hiyo, ulinganisho usiozingatia ukali wa kiharusi huweza kuihesabia dawa athari za kiharusi chenyewe.

Muda wa tukio nao una uzito. Degedege inayotokea ndani ya siku 7 huitwa ya mapema. Inayotokea baadaye huashiria kovu la kudumu. Utafiti wa mwaka 2009 ulikadiria kwamba, katika miaka 10, hatari ya degedege nyingine isiyochochewa ni asilimia 33 baada ya ile ya mapema, na asilimia 71.5 baada ya ile ya baadaye. Kwa kuwa fasili ya mwaka 2014 inaweka kiwango cha asilimia 60, degedege moja ya baadaye yatosha kuitwa kifafa. Ya mapema haitoshi.

Kutotenganisha mambo haya kuna gharama. Daktari anayehofia degedege huweza kumnyima mgonjwa dawa wakati seli za ubongo zikiendelea kufa. Na anayeichukulia degedege ya mapema kuwa kifafa huweza kumweka mgonjwa kwenye dawa za miaka mingi asizozihitaji.