Je, Wajua? Wimbo Haujui Jina Lake

Chomeka kwenye redio ya gari flashi yoyote iliyojazwa nyimbo katika duka la muvi pale Kalimoni, kati ya Ruiru na Thika. Kuna mwimbaji mmoja hutamkosa. Anapiga mugithi na benga, anahubiri kwa Kikamba, anacheza rumba ya Kongo, kisha anafoka kwa Sheng. Jina lake ni Unknown Artist. Albamu zake zote zinaitwa Unknown Album, na vibao vyake maarufu ni Track 01 hadi Track 18.

Chini yake utamkuta mwenzake aitwaye AUD-20190304-WA0012. Huyo amebatizwa na WhatsApp: AUD ni sauti, tarakimu nane ni tarehe, WA ni chanzo, na namba ya mwisho ni nafasi yake kwenye foleni ya siku hiyo. Wa tatu ana jina refu kama tangazo: limeanza na kichwa cha wimbo, likaongeza "Official Video", na kumalizia kwa kukuomba utume ujumbe wa Skiza kwenda 811. Huyo ameng'olewa YouTube kwa programu ya kugeuza video kuwa sauti. Programu hiyo haijui wimbo unaitwaje, kwa hiyo imenakili kila kitu kilichoandikwa kwenye kichwa cha video, tangazo la mlio wa simu likiwemo.

Tunacheka, lakini hakuna kosa hapo lisilo na asili yake.

Baiti 128 za mkiani

Faili za MP3 zilizaliwa Ujerumani, katika taasisi ya Fraunhofer, na kiambishi .mp3 kilichaguliwa Julai 1995. Wahandisi walifanikiwa kuubana muziki ukawa mdogo ajabu, ila hawakuacha mahali pa kuandika jina la wimbo wala la mwimbaji. Mwaka 1996 Eric Kemp alibuni dawa: lebo ya baiti 128 inayobandikwa mwisho kabisa wa faili. Iliitwa ID3. Baiti 3 za kwanza ni neno TAG. Zinafuata 30 za jina la wimbo, 30 za msanii, 30 za albamu, 4 za mwaka, 30 za maelezo, na 1 ya aina ya muziki.

Herufi 30 hazitoshi watu wa kwetu, ambao bendi zao zina majina ya kujinafasi. Samba Mapangala & Orchestra Virunga wana herufi 35 ukihesabu na nafasi. Katika lebo ya Kemp wanageuka "Samba Mapangala & Orchestra Vi", na Virunga wanabaki nje ya mlango.

Ile baiti moja ya aina ya muziki ina vituko zaidi. Haihifadhi neno, huhifadhi namba inayosomwa kwenye orodha ya aina 80. Polka imo, namba 75. Benga haimo, taarab haimo, mugithi haimo. Namba 0 ni Blues, na hapo ndipo penye kichekesho: programu nyingine zikikosa la kuandika huacha sifuri, na kifaa kikisoma sifuri hutangaza kwamba kwaya ya parokia inaimba Blues. Gospel ni namba 38, na jirani yake wa 39 ni Noise, yaani kelele. Tarakimu moja ikikosewa, mkesha mzima unahamia kwenye kelele. Wapo majirani wa makanisa yenye spika kubwa watakaosema hilo si kosa.

Ũ iliyopata alama ya hakimiliki

Wadi ya Kalimoni iko katika eneo bunge la Juja, Kaunti ya Kiambu, ambako nyimbo nyingi ni za Gĩkũyũ. Lugha hiyo ina ĩ na ũ zenye kiwimbi juu. Lebo ya kwanza ya ID3 kwa kawaida husomwa kwa jedwali la herufi za Ulaya Magharibi liitwalo Latin-1, na jedwali hilo halina ĩ wala ũ. Kompyuta za leo huandika ũ kwa baiti mbili. Kifaa cha zamani hakitambui kwamba hizo mbili ni herufi moja. Husoma ya kwanza kama Å na ya pili kama ©. Ndiyo maana "Mũgithi" hutokea kwenye kioo cha redio kama "MÅ©githi", na "Gĩkũyũ" kama "GÄ©kÅ©yÅ©".

Sasa iangalie hiyo ©. Ni alama ya hakimiliki. Faili iliyonakiliwa flashi kwa flashi, mwenye wimbo asipate hata shilingi, imejipachika yenyewe alama ya kudai haki zake.

Mwaka 1998 ilikuja lebo mpya, ID3v2, inayokaa mwanzoni mwa faili. Hiyo inabeba majina marefu na herufi za lugha zote. Lakini ile ya zamani haikufukuzwa, na faili moja inaweza kubeba zote mbili, kila moja na jina lake. Simu inasoma ya mbele, redio ya matatu inasoma ya nyuma, abiria na dereva wanabishana kuhusu mwimbaji, na kila mmoja ana ushahidi mbele ya macho yake.

Majina kutoka kwa wasiojulikana

CD nazo zina mchango wao. Zilipoingia sokoni mwaka 1982 hazikubeba majina ya nyimbo. Yaliandikwa kwenye kava la karatasi. Mwaka 1993 Ti Kan na Steve Scherf walianzisha hazina ya majina iitwayo CDDB. Kompyuta ilipima urefu wa kila wimbo kwenye CD, ikaunda namba, kisha ikaiuliza hazina: namba hii ni ya nani? Majina yaliingizwa na wasikilizaji wenyewe, kila mtu na tahajia yake. Na CD mbili zikitokea kuwa na vipimo vinavyolingana, moja ilipewa majina ya nyingine.

Ila mara moja "kosa" la namna hiyo lilisema kweli. Februari 2007, mpenzi wa muziki aliingiza kwenye kompyuta CD ya mpiga piano Mwingereza Joyce Hatto, aliyefariki mwaka uliotangulia akisifiwa mno. Programu ya iTunes ikamtaja mpiga piano mwingine, László Simon. Wataalamu walipolinganisha sauti, walikuta kompyuta haikukosea: mume wa Hatto, mwenye kampuni ya kurekodi, alikuwa akichukua rekodi za watu wengine na kuziuza kwa jina la mkewe. Baadaye alikiri. Uongo ulikuwa kwenye kava.

Jina kubwa humeza dogo

Aina moja ya kosa haitokani na mashine. Mtu akisikia wimbo asioujua, humpa mwimbaji anayemjua. Bob Marley ameelemewa na watoto asiowazaa. Wengi wana "Don't Worry, Be Happy" kwa jina lake, ilhali Marley alifariki Mei 1981 na Bobby McFerrin akautoa wimbo huo mwaka 1988. "Red Red Wine" ya UB40 nayo huwekwa kwenye hesabu yake.

Kwetu ni vivyo hivyo. "Malaika", uliorekodiwa na Fadhili William, kwa wengi ni wa Miriam Makeba. "Shauri Yako" huandikwa Orchestra Super Mazembe, na Nguashi Ntimbo aliyewatangulia husahaulika. "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms huitwa "Hakuna Matata", kisha huchanganywa na ya Boney M na ile ya filamu ya The Lion King ya 1994, ambayo ni wimbo tofauti kabisa.

Na kuna fumbo ambalo hata lebo safi hailiwezi. Joseph Kamaru, nguli wa muziki wa Kikuyu aliyefariki 2018, ana mjukuu aitwaye Joseph Kamaru. Mjukuu huyo hutengeneza muziki wa kielektroniki wa taratibu, usio na gitaa la benga, na hutumia jina KMRU. Andika "Joseph Kamaru" kwenye faili za wote wawili, na simu itawaweka babu na mjukuu katika folda moja. Vokali mbili zilizoondolewa ndizo zinazowatenganisha.

Kosa hili lina bei

Jina likipotea, hela hupotea nalo. Mirabaha hugawanywa kwa kumtambua mwenye wimbo, na redio haiwezi kumripoti Unknown Artist kwa chama chochote cha wanamuziki. Rekodi rasmi hupewa kitambulisho cha kimataifa cha herufi na tarakimu 12, ISRC, lakini sahani za zamani za mtaa wa River Road, Nairobi, zilizogeuzwa MP3 na mpenzi wa muziki sebuleni kwake hazina kitu hicho. Hazina ya bure ya MusicBrainz, iliyoanzishwa na Robert Kaye mwaka 2000, husaidia kutambua wimbo kwa alama za sauti yake, mradi awepo mtu aliyekwisha kuusajili.

Mtu huyo anaweza kuwa wewe. Ukiwa na kaseti au sahani ya zamani nyumbani, yenye kava linalosomeka, andika jina la wimbo, mwimbaji, bendi na mwaka kwenye faili kabla ya kuirusha WhatsApp. Fanya hivyo wakati wanaoikumbuka sauti ile bado wapo wa kuulizwa. Kompyuta itabeba jina lolote utakaloipa, na wimbo usioupa jina sahihi leo, kesho utakuwa wa Bob Marley.