Mkanda wa jeshi na malengelenge ya siri: dawa ipo, lakini ina saa zake

Mtu wa Musoma, Bunda au Butiama akiamka na upele unaochoma kama moto upande mmoja wa mbavu, jina la ugonjwa hulipata hapohapo nyumbani: huo ni mkanda wa jeshi. Baada ya jina huja onyo, kwamba mkanda ukizunguka mwili na ncha zake zikakutana, mgonjwa hafiki mbali. Kisha huja ushauri wa kupaka: majani yaliyotwangwa, majivu, au dawa ya mtaalamu wa kijiji cha jirani. Katika mizunguko hiyo siku mbili au tatu hupita. Kwa bahati mbaya, hizo ndizo siku ambazo dawa ya hospitali ingefanya kazi vizuri zaidi.

Makala haya yanaeleza dawa hiyo ni ipi, inafanya nini mwilini, inatumikaje, na mambo gani haiwezi kuyafanya.

Virusi vya ukoo mmoja

Mkanda wa jeshi, tetekuwanga, vipele vya mdomoni vinavyotokea baada ya homa, na malengelenge ya sehemu za siri husababishwa na virusi vya ukoo mmoja unaoitwa hepesi. Kirusi cha tetekuwanga ndicho hichohicho kinacholeta mkanda wa jeshi. Vipele vya mdomoni na malengelenge ya siri huletwa na ndugu zake wawili, hepesi aina ya 1 na aina ya 2. Aina ya 1 huwapata watu wengi tangu utotoni kwa mate na kugusana. Aina ya 2 huambukizwa zaidi kwa kujamiiana.

Kinachowaunganisha ni tabia moja. Baada ya kumwingia mtu, virusi hivi havitoki tena. Hujificha kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu karibu na uti wa mgongo au kichwani, vikalala humo kwa miezi au hata kwa miongo. Kinga ya mwili ikishuka, kwa uzee, ugonjwa, uchovu mkubwa au VVU, huamka na kuteremka kwa kufuata mshipa uleule hadi kwenye ngozi.

Hapo ndipo imani ya mkanda kukutana inapopata jibu lake. Kila mshipa wa fahamu unaotoka kwenye uti wa mgongo huhudumia upande mmoja tu wa mwili. Ndiyo maana upele huanzia mgongoni, hupita mbavuni na kuishia katikati ya kifua au tumbo. Kwa mgonjwa mwenye kinga dhaifu sana, malengelenge yanaweza kutawanyika sehemu nyingine za mwili, na hiyo ni hali ya hatari inayohitaji hospitali. Lakini hatari hiyo inatokana na kinga iliyoporomoka. Kukutana kwa ncha hakuui mtu.

Dawa inavyomtega adui

Dawa inayotumika zaidi inaitwa asaiklovia. Kwenye boksi utaona imeandikwa Aciclovir au Acyclovir. Ilibuniwa miaka ya 1970 katika maabara za kampuni ya Burroughs Wellcome, na mmoja wa wanasayansi walioongoza kazi hiyo, Mmarekani Gertrude Elion, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1988 pamoja na George Hitchings na James Black. Leo ni dawa ya kawaida, inatengenezwa na viwanda vingi, na imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, WHO.

Inavyofanya kazi ni kama mtego. Kirusi kikiamka huingia ndani ya chembe hai na kuanza kunakili vinasaba vyake ili kizaliane. Asaiklovia inafanana na tofali moja kati ya yale yanayotumika kujenga vinasaba hivyo. Ikiingia kwenye chembe isiyo na kirusi inakaa karibu kama haipo. Ikiingia kwenye chembe iliyovamiwa, kimeng'enya cha kirusi chenyewe kinaiwasha. Ikishawashwa, inaingizwa kwenye ujenzi kama tofali la kawaida, lakini haina sehemu ya kushika tofali linalofuata. Ujenzi unakwama.

Kutokana na hilo tunapata mambo mawili. Kwanza, dawa hii haiwasumbui sana watu wengi, kwa sababu inafanya kazi zaidi pale penye kirusi. Pili, inazuia kirusi kinachozaliana tu. Kilicholala kwenye mzizi wa mshipa hakijengi chochote, kwa hiyo hakikamatiki. Ndiyo sababu hakuna kidonge wala sindano inayoondoa hepesi mwilini moja kwa moja, na anayekuuzia dawa ya kuitoa kabisa anakuuzia maneno.

Saa 72 za mkanda wa jeshi

Kwa kuwa dawa huzuia kuzaliana, inafaa zaidi mapema, kabla kirusi hakijamaliza kazi yake. Kwa mkanda wa jeshi, wataalamu wanashauri tiba ianze ndani ya saa 72 tangu upele ulipoonekana. Malengelenge yakitokea Jumatatu asubuhi, muda huo unaisha Alhamisi asubuhi.

Kwa anayeishi mjini Musoma muda huo unatosha. Kwa mvuvi aliye kwenye mwalo wa mbali, au mchimbaji mdogo wa Buhemba anayesubiri mwisho wa wiki, siku tatu ni fupi. Kwa hiyo ukiona maumivu ya kuchoma upande mmoja wa mwili, kisha malengelenge yaliyojipanga kama mstari, usisubiri uone yanaelekea wapi. Nenda zahanati au kituo cha afya siku hiyohiyo. Kama dawa haipo hapo, omba uelekezwe inakopatikana.

Aliyechelewa naye asikate tamaa. Kama malengelenge mapya bado yanatokea, kama kinga ni dhaifu, au kama jicho limeguswa, mganga anaweza kuanzisha dawa hata baada ya saa hizo kupita.

Faida yake ni kufupisha siku za malengelenge na maumivu ya mwanzo. Haitoi uhakika kwamba maumivu hayatabaki. Kuna watu, hasa wazee, ambao ngozi hupona lakini mshipa ukaendelea kuwaka kwa miezi. Maumivu hayo yana dawa zake, tofauti na vidonge vya kawaida vya maumivu, na ni haki ya mgonjwa kurudi kituoni kuziulizia.

Hesabu ya vidonge

Hapa ndipo tiba nyingi huharibika. Asaiklovia haikai mwilini muda mrefu, hivyo hunywewa mara nyingi kwa siku. Kipimo cha kawaida cha mkanda wa jeshi kwa mtu mzima ni miligramu 800 mara tano kwa siku, kwa siku 7. Hiyo ni mikupuo 35. Kama vidonge ni vya miligramu 400, mgonjwa anahitaji vidonge 70. Kama ni vya miligramu 200, anahitaji 140. Anayenunua vidonge kumi kwa sababu hela ndiyo hiyo hajanunua tiba. Amenunua siku moja, au hata nusu siku.

Kwa malengelenge ya siri yanayotokea kwa mara ya kwanza, kipimo cha kawaida ni miligramu 400 mara tatu kwa siku, kwa siku 7 hadi 10. Yakijirudia, siku ni chache zaidi, kwa kawaida 5. Anayepata vipindi vya mara kwa mara anaweza kuwekewa dozi ya kila siku ya kuzuia, miligramu 400 mara mbili. Kuna dawa nyingine ya jamii hiyo, valasiklovia, ambayo mwilini hugeuka kuwa asaiklovia na hunywewa mara chache zaidi, ila kwa kawaida bei yake iko juu.

Hizi ni hesabu za kukusaidia kuuliza maswali, si cheti cha kwenda nacho dukani. Mwenye ugonjwa wa figo hupunguziwa dozi. Kila anayeitumia anywe maji ya kutosha, kwa kuwa dawa hutoka kwa njia ya figo. Mjamzito aseme kwamba ni mjamzito, ingawa dawa hii imetumiwa na wajawazito wengi na wataalamu huiandika inapohitajika.

Neno kuhusu tyubu ya kupaka. Krimu ya asaiklovia inaweza kusaidia kidogo kwa vipele vya mdomoni ikiwahi kupakwa. Kwa mkanda wa jeshi haitoshi, kwa sababu vita viko kwenye mshipa, si juu ya ngozi. Dawa za kuua bakteria nazo haziui virusi. Hutolewa tu pale malengelenge yanapopata usaha. Na zile krimu za kupunguza mwasho zenye steroidi, ambazo wengine hupaka kwa kila upele, zinaweza kukipa kirusi nafasi ya kusambaa.

Somo lililotoka Kanda ya Ziwa

Wengi huuliza: nikimeza dawa hii, nitakuwa nimejikinga na VVU? Swali hilo lina msingi. Mtu mwenye hepesi aina ya 2 ana uwezekano wa kuambukizwa VVU takriban mara tatu zaidi ya asiye nayo, kwa kuwa vidonda hufungua mlango.

Jibu lake lilitafutwa hapa karibu. Mwaka 1995 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika jamii 12 za mkoa wa Mwanza. Ulionyesha kwamba kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya vya kawaida kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Tiba hiyo haikuhusisha hepesi. Ikaonekana ni busara kuuliza: tukiidhibiti na hepesi, itakuwaje?

Watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, kituo cha Mwanza, pamoja na wenzao wa London, waliwaandikisha wanawake 821 wa kaskazini magharibi mwa Tanzania. Walikuwa wafanyakazi wa baa, nyumba za wageni na migahawa, wenye hepesi aina ya 2 na wasio na VVU. Wanawake 400 walipewa asaiklovia miligramu 400 mara mbili kila siku, na 421 walipewa vidonge visivyo na dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Waliopata VVU walikuwa 27 katika kundi la dawa na 28 katika kundi la pili. Hakukuwa na tofauti ya maana. Tafiti nyingine kubwa zilizofanyika Afrika na Amerika zilifikia jibu hilohilo.

Sababu ilieleweka baadaye. Kidonda kikipona kwa macho, chembe za kinga ambazo VVU huzipenda hubaki zimejaa mahali pale kwa wiki kadhaa, hata kwa anayemeza dawa. Kwa hiyo asaiklovia inatibu vidonda lakini haichukui nafasi ya kondomu, wala ya dawa kinga za VVU, wala ya kupima.

Kupima ni sehemu ya tiba

Mkanda wa jeshi kwa kijana au mtu wa makamo ni miongoni mwa dalili za mapema kwamba huenda kinga imeguswa na VVU. Si kila mwenye mkanda ana VVU. Wazee huupata kwa sababu ya umri, na wengine kwa maradhi mengine. Lakini mganga akikushauri upime, hakutukani. Tanzania ilianza mwaka 2016 kumwanzishia dawa kila anayekutwa na VVU bila kusubiri kinga ishuke, na dawa hizo hutolewa bure. Aliyejua mapema akaanza dawa, kinga yake hurudi, na mkanda hupata nafasi ndogo ya kujirudia.

Kwa malengelenge ya siri, aibu ndiyo kikwazo. WHO ilikadiria mwaka 2024 kwamba watu milioni 846 duniani wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana hepesi ya siri, yaani zaidi ya mmoja kati ya watano. Wengi hawajui, na wanaweza kuiambukiza bila kidonda kuonekana. Ndiyo maana kidonda kinachotokea leo hakithibitishi kwamba mwenzi wako ametoka nje jana. Kirusi kinaweza kuwa kimelala kwa miaka. Ndoa kadhaa zingepona kama hili lingejulikana. Hata hivyo, usijihukumie mwenyewe kwamba ni hepesi. Kaswende nayo huleta kidonda, na ina tiba inayoiponya kabisa. Nendeni wote wawili mkapimwe.

Usisubiri kesho kwa haya

Nenda hospitali haraka kama upele umetokea kwenye paji la uso, karibu na jicho au ncha ya pua, kwa sababu jicho linaweza kupoteza uwezo wa kuona. Fanya hivyo pia kama malengelenge yametawanyika mwili mzima, au mgonjwa ana homa kali, kichwa kinauma sana, shingo imekakamaa au anachanganyikiwa. Mjamzito mwenye vidonda vya siri siku za mwisho wa ujauzito amweleze mkunga kabla ya uchungu, kwani mtoto anaweza kuambukizwa wakati wa kuzaliwa na kuugua vibaya. Na mwenye mkanda afunike malengelenge yake na akae mbali na wajawazito na watoto wachanga hadi yakauke. Hatawapa mkanda, lakini anaweza kuwapa tetekuwanga.

Unapofika kituoni, sema mambo matatu bila kuulizwa: upele ulianza siku gani na saa ngapi, umepaka au kumeza nini, na kama una ugonjwa wa figo au ujauzito. Kabla hujaondoka dirisha la dawa, hesabu vidonge ulivyopewa. Kama havifiki mwisho wa dozi, uliza vilivyobaki utavipata wapi.