Shilingi Yako Inavyosafisha Mtaa

Kuna kazi za mtaani tunazozikumbuka tu siku zikikwama. Choo kikijaa. Taka zikilala getini wiki mbili. Siku hizi nyingi ya kazi hizi zinafanywa na biashara za kijamii, yaani biashara zinazouza huduma kama nyingine zote, ila zimeanzishwa kutatua shida ya watu au ya mazingira. Si msaada wa bure. Zinahitaji malipo ya wateja, na hapo ndipo simu yako inaingia.

Kutoka chooni hadi shambani

Tuangalie Sanergy, iliyoanzia Mukuru, Nairobi. Huko nyumba zimebanana na sehemu nyingi hazina mabomba ya majitaka. Mwaka 2011 walifungua choo chao cha kwanza cha Fresh Life. Choo hiki hakihitaji maji ya kuflashi. Kinyesi na mkojo huingia kwenye vyombo tofauti, wafanyakazi huvibeba vikiwa vimefunikwa, kisha huacha vingine safi. Uchafu huo hutengenezwa mbolea, na mwingine hulishwa funza wa nzi ambao baadaye huwa chakula cha mifugo.

Plastiki nayo ina soko. Gjenge Makers, kampuni ya Nzambi Matee, huichanganya na mchanga kutengeneza matofali ya kupanga chini. Mwaka 2020, Matee alitambuliwa na Umoja wa Mataifa kama mmoja wa Mabingwa Vijana wa Dunia.

Ada ndogo, pengo kubwa

Lakini mbolea haiuziki kama hakuna aliyebeba chombo leo asubuhi. Mwezi ukiwa mgumu tunalipa rent, tunalipa stima, ada ya taka inangoja. Kwako ni pesa kidogo. Kwa kikundi cha vijana wenye mkokoteni mmoja, nyumba kumi zisipolipa, huenda mkokoteni usitoke. Na taka hazingoji mwisho wa mwezi.

Lipa vizuri, hivi:

1. Uliza till au paybill ya kikundi. Ukituma kwa laini ya mtu binafsi, akihama ama mkikosana, ni vigumu kuonyesha kwamba pesa ilikuwa ya huduma.
2. Soma jina kabla ya kuthibitisha. Jina likiwa geni, simama kwanza. Piga uulize.
3. Ukitumia paybill, jaza akaunti uliyopewa. Mara nyingi ni nambari ya nyumba. Ukikosea, pesa itafika lakini jina lako litabaki kwa orodha ya wenye deni.
4. Usifute ujumbe wa malipo. Ndiyo risiti yako keateka akisema hujalipa.
5. Usimpe mtu PIN. Anayekusanya ada hana haja nayo, hata akisema anataka "kurekebisha malipo".

Na kabla mfuko utoke nyumbani, tenganisha maganda na mabaki ya chakula na plastiki. Sheria ya mwaka 2022 ya usimamizi wa taka inataka hivyo, na anayechambua taka zako atapata plastiki safi ya kuuza.

Mwezi huu, ada ya taka ikifika, ilipe siku hiyo hiyo. Kuna mkokoteni unaoingoja.