Nguo za Michezo ya Zamani Zisitudanganye

Siku hizi televisheni zimefika hata vijijini. Jioni watu hukusanyika kutazama michezo. Mingine huonyesha mambo ya zamani: misafara ya pembe za ndovu, utawala wa Wajerumani, Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Sisi husikiliza maneno tu, nguo hatuzijali. Kumbe nguo nazo husema! Zikisema uongo, watoto wetu watauamini.

Tuchukue mfano. Tuseme vijana wa Ulemo wanaigiza msafara wa mwaka 1860, kutoka pwani kwenda Tabora. Mpagazi mmoja amevaa ndala za plastiki. Mwingine ana suruali ya zipu. Mama anayewauzia mtama amejifunga khanga yenye maneno. Je, kosa liko wapi?

Makosa ni matatu. Ndala za plastiki na suruali za zipu ni vitu vya karne ya 20. Maneno ya khanga nayo yalianza mwanzoni mwa karne hiyo hiyo.

Basi watu walivaa nini? Huku bara wengi walivaa ngozi za mbuzi, kondoo na ng'ombe. Wengine, kama Wafipa, walifuma nguo zao za pamba. Nguo nyingine zilitoka pwani. Merikani ilikuwa nyeupe, isiyotiwa rangi. Iliitwa hivyo kwa sababu ililetwa Unguja na meli za Marekani. Kaniki ilikuwa nyeusi, nayo ilitoka India. Nguo zilipimwa kwa mkono: mikono 4 ni shuka, mikono 8 ni doti.

Sasa tufikiri pamoja. Wakati ule nguo ilikuwa fedha. Misafara ilipopita Ugogo, watemi walidai ushuru wa njia ulioitwa hongo, ukalipwa kwa nguo. Wapagazi walibeba mizigo ya merikani mamia ya maili. Kama katika mchezo kila mtu amevaa vitambaa vya maua, mtoto hataelewa kwa nini pembe ya ndovu ilibadilishwa kwa nguo. Atasema babu zetu walikuwa wajinga. Hapo mchezo umewatukana wazee wetu bila kutamka tusi.

Kurekebisha si gharama kubwa. Kitambaa cheupe kisicho na maua kinafaa kuwa merikani. Cheusi kinafaa kuwa kaniki. Kifungwe tu, kisishonwe. Saa na viatu vivuliwe. Kabla ya mchezo, waulizeni wazee walisimuliwa nini na bibi zao, halafu andikeni daftarini. Kalamu tunayo, tuitumie!

Maswali ya kujadiliana:
1. Kwa nini nguo ilikuwa kama fedha?
2. Doti 3 ni sawa na mikono mingapi?
3. Katika mchezo mliotazama karibuni, ni nguo gani haikulingana na wakati wake?