Kisu cha kukunja: Namna ya kuchagua cha bei nafuu na kukibeba bila matata

Kuanzia maghala ya Mbaraki hadi kwenye mashua za wavuvi na vibanda vya matunda karibu na kivuko cha Likoni, kisu kidogo cha kukunja ni chombo cha kazi cha kila siku. Mchukuzi hukitumia kukata uzi wa gunia, baharia hukatia kamba, fundi wa umeme humenyea waya, na mchuuzi humenyea machungwa. Wengi hununua cha bei ya chini kando ya barabara au katika duka la hadiwea, hukifungua mara moja, hulipa na kwenda zao. Hasara hujitokeza baadaye. Kisu hujikunja ghafla na kukata kidole, hushika kutu kabla ya mwezi kuisha, au humtia mwenyewe mashakani anaposimamishwa na polisi usiku.

Makala haya yanaeleza mambo ambayo mkazi anapaswa kuyaangalia kabla ya kutoa pesa yake, na yale anayopaswa kuyajua kabla ya kutia kisu mfukoni.

Anza na kifungio

Jambo la kwanza la kutazama katika kisu cha kukunja si makali. Ni kile kinachozuia bapa lisirudi juu ya vidole wakati wa kazi. Mafundi hukiita "loki". Katika visu vya bei nafuu, aina zinazopatikana sana ni hizi:

Kisu kisicho na loki. Bapa hushikiliwa na springi peke yake, na ukilisukuma kwa nguvu kiasi hujikunja. Visu vingi vidogo vya mtindo wa Uswisi ni vya aina hii. Vinafaa kwa kumenya tunda, kukata uzi na kufungua bahasha. Havifai kwa kudunga au kupekecha tundu, kwa sababu nguvu ikielekea kwenye ncha, bapa laweza kurudi mkononi.

Kisu cha pete. Karibu na kiungo kuna pete ya chuma ambayo huzungushwa kwa kidole na kulizuia bapa lisijikunje. Kampuni ya Opinel ya Ufaransa, iliyoanza kutengeneza visu mwaka 1890, iliongeza pete hiyo mwaka 1955, na sasa mtindo huo huigwa na watengenezaji wengi. Ni rahisi na imara, mradi mtumiaji akumbuke kuizungusha.

Loki ya mgongoni. Mgongoni mwa mpini kuna kipande cha chuma cha kubonyeza ili kisu kikunjike. Kwa kawaida ni imara, lakini mchanga na uchafu ukijaa katika pengo lake, loki haiingii sawasawa.

Loki ya bamba la ndani. Ubavuni, ndani ya mpini, kuna bamba jembamba linaloruka na kukaa nyuma ya bapa. Hufungwa kwa mkono mmoja, na ndiyo maana hupendwa. Katika visu duni sana, bamba hilo huwa jembamba kupita kiasi na huteleza. Usinunue kisu ambacho bamba lake linagusa bapa kwa ukingo tu.

Loki ya meno. Hii hulia "krr" kisu kinapofunguliwa. Kisu maarufu zaidi cha aina hii barani Afrika ni Okapi, kilichoanza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni ya nchi hiyo Afrika. Siku hizi hutengenezwa Afrika Kusini. Ni cha bei ya chini na hudumu, lakini bapa lake huwa refu na chuma chake kinahitaji kupakwa mafuta mara kwa mara.

Anayefanya kazi ya nguvu, kama kukata kamba nene au mikanda ya plastiki ya mizigo, anahitaji kisu chenye loki. Asiye na kazi hiyo hana sababu ya kulipia zaidi.

Chuma na hewa ya bahari

Mombasa ni kisiwa, na Mbaraki imepakana na maji ya chumvi. Hewa hubeba chembe za chumvi ambazo hutua juu ya kila chuma, huvuta unyevu na kuharakisha kutu. Kisu ambacho kingedumu miaka mingi katika mji wa bara kavu chaweza kuharibika hapa kwa miezi michache.

Vyuma vya visu ni vya makundi mawili. Kundi la kwanza ni chuma cha kaboni. Hunoleka upesi na hushika makali vizuri, lakini hupata kutu haraka, na ndimu au embe bichi hukiachia madoa meusi. Kundi la pili ni chuma kinachostahimili kutu, chenye madini ya kromiamu yasiyopungua takriban asilimia 10.5. Kromiamu hutengeneza utando mwembamba sana unaokinga chuma. Hata hivyo, chumvi hutoboa utando huo na kuacha vishimo vidogo vya kutu. Kwa hiyo maneno "stainless steel" yaliyochapwa kwenye bapa hayana maana kwamba kisu hakitashika kutu kamwe.

Baadhi ya visu vya bei nafuu kutoka China huchapwa alama ya chuma kilichotumika, kwa mfano 3Cr13, 5Cr15MoV au 8Cr13MoV. Alama hizo husomeka kwa urahisi. Tarakimu ya kwanza huonyesha kaboni kwa sehemu za kumi za asilimia, na ile inayofuata Cr huonyesha asilimia ya kromiamu. Hivyo 3Cr13 ina kaboni ya takriban asilimia 0.3 na kromiamu ya takriban asilimia 13. Hustahimili kutu vizuri, lakini makali yake huisha upesi. 8Cr13MoV ina kaboni ya takriban asilimia 0.8, na hukaa na makali kwa muda mrefu zaidi. Chuma chenye alama 420 hukaribiana na 3Cr13.

Kwa mvuvi, baharia na yeyote anayelowa maji ya bahari kila siku, chuma laini kinachostahimili kutu ni bora kuliko kigumu kinachooza. Kunoa mara nyingi ni kazi ndogo. Kwa anayefanya kazi ghalani, akikata katoni na mikanda mchana kutwa, chuma chenye kaboni zaidi kitampunguzia usumbufu wa kunoa.

Wako wanunuzi wanaojaribu kisu kwa sumaku, wakiamini kwamba kikinasa ni chuma cha kawaida. Jaribio hilo halifai kwa visu. Vyuma vya visu vinavyostahimili kutu navyo hunasa sumaku.

Hesabu ya bei

Kisu cha bei ya chini kabisa si lazima kiwe nafuu. Tuseme kisu cha shilingi 200 hulegea baada ya mwezi mmoja na kununuliwa kingine. Kwa mwaka mwenyewe atakuwa ametumia shilingi 2,400. Cha shilingi 800 kikidumu mwaka mzima, ameokoa shilingi 1,600, mbali na hatari aliyoiepuka kwa kutobeba kisu kilicholegea.

Vilevile tahadhari na majina makubwa kwa bei ya kutupa. Chapa zinazojulikana, kama Victorinox ya Uswisi, huigwa. Chapa ikiwa imechapwa kwa wino unaofutika kwa kidole, au maandishi yana makosa ya herufi, huo ni mwigo. Ni afadhali kununua kisu kizuri kisicho na jina kuliko kulipia jina la uongo. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa na maelezo ya kumwezesha kuzitumia. Omba risiti, na itunze.

Kagua kabla ya kulipa

• Fungua na ufunge kisu mara kumi. Loki iingie kila mara, bila kusukumwa.

• Shika mpini kwa mkono mmoja na ncha ya bapa kwa kitambaa, kisha litikise upande kwa upande. Likicheza kisu kikiwa kipya, litacheza zaidi baadaye.

• Kisu kikiwa wazi, weka vidole mbali na njia ya bapa, kisha kandamiza mgongo wa bapa kidogo juu ya meza. Loki ikiachia, kirudishe kisu kwa muuzaji.

• Kikunje, utazame kwa juu. Bapa likae katikati ya mpini na ncha isichomoze nje, maana ncha inayochomoza itakuchoma mfukoni.

• Angalia kama kimefungwa kwa skrubu au kwa ribiti. Cha skrubu kinaweza kukazwa na kufunguliwa ili kisafishwe mchanga na chumvi.

• Shika mpini kwa mkono ulioloa. Mpini laini kama kioo huteleza kwa jasho na maji ya samaki.

Kuhusu urefu, bapa la sentimita 7 au 8 linatosha kwa karibu kazi zote za mfukoni.

Wachuuzi wa chakula

Kiungo cha kisu cha kukunja huficha mabaki ya chakula mahali ambapo sifongo haifiki. Anayeuza matunda, mihogo au viazi karai atumie kisu kisichokunjwa, kinachooshwa chote kwa sabuni. Kisu cha kukatia kamba au waya kisiguse chakula cha mteja kamwe.

Utunzaji

Baada ya kazi ya baharini, suuza kisu kwa maji ya mfereji, kikaushe kwa kitambaa, kisha tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kiungo. Usikiache kimekunjwa kikiwa na unyevu.

Kisu butu huumiza zaidi kuliko kikali, kwa sababu hulazimisha mkono kutumia nguvu na kuteleza. Kinoo cha mkono chatosha. Ukikipeleka kwa mnoaji mwenye gurudumu la mota, mwombe akichovye kwenye maji kila mara. Bapa likibadilika rangi na kuwa buluu, limeungua, na makali ya sehemu hiyo hayatadumu tena.

Sheria inasemaje

Katika miaka ya karibuni, makundi ya vijana wenye mapanga na visu yamewahangaisha wakazi wa Kisauni, Likoni na Mji wa Kale. Katika hali hiyo, anayebeba kisu mfukoni ajue mpaka uko wapi.

Kifungu cha 308 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kinasema kwamba mtu akipatikana na silaha hatari katika mazingira yanayoonyesha nia ya kutenda kosa kubwa la jinai, anaweza kufungwa jela kwa muda usiopungua miaka 7 na usiozidi miaka 15. Kifungu hicho hakitaji urefu wa bapa. Kinatazama mazingira na nia. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1988 iliweka kipimo: kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3 huruhusiwa hadharani. Mkazi wa Mombasa asitegemee kipimo kama hicho. Kisu kile kile ambacho saa nne asubuhi kimo mkobani pamoja na koleo na bisibisi, chaweza kutazamwa kwa jicho lingine saa nane usiku, mwenyewe akiwa katika kundi na hana kazi ya kueleza.

Kwa hiyo kisu cha kazi kibebwe pamoja na vifaa vya kazi, na kibaki kazini au nyumbani kazi ikiisha. Kisiende kwenye mkutano wa siasa wala maandamano. Kifungu cha 37 cha Katiba kinalinda haki ya kukusanyika kwa amani na bila silaha. Kisiingie katika mkoba wa mwanafunzi. Kwenye kituo cha treni ya SGR Miritini mizigo hukaguliwa na visu haviruhusiwi. Katika Uwanja wa Ndege wa Moi, kisu kikipatikana kwenye mzigo wa mkononi huzuiwa.

Ukisimamishwa na polisi, sema mapema kwamba una kisu, kiko wapi na ni cha kazi gani. Usikitoe mwenyewe. Ukikamatwa, Kifungu cha 49 cha Katiba kinakupa haki ya kuelezwa sababu kwa lugha unayoielewa, kunyamaza, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya mahakama iwapo saa hizo zitaishia wakati mahakama imefungwa.

Wazazi wanaoona kijana asiye na kazi ya kisu akikibeba kila jioni wazungumze naye mapema. Vijana wengi husema ni cha kujilinda. Lakini kisu kikitolewa katika ugomvi, mwenyewe anaweza kunyang'anywa na kuchomwa nacho, au kushtakiwa.

Ukijikata

Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi na uinue mkono hadi damu ikome, kisha osha kwa maji safi na sabuni. Usipake majivu, mafuta ya taa wala dawa ya meno. Nenda kituo cha afya kilicho karibu iwapo jeraha ni la kina, kidole hakikunjiki au kimekufa ganzi. Nenda pia kama kisu kilikuwa kichafu, au hukumbuki mara ya mwisho ulipochanjwa dhidi ya pepopunda. Damu isiyokoma baada ya dakika 10 za kukandamiza ni dharura. Mgonjwa apelekwe hospitalini mara moja.